Nafasi ya Mbele

Mwajabu alipanda pikipiki ya marehemu mumewe, akanyoosha mikono kuufikia usukani mpaka mabega yakamuuma.

"Shemeji, sogea mbele!" fundi Chande alicheka. "Umekaa kiti cha abiria. Hapo mbele umemwachia nani?"

Miaka kumi na miwili Mwajabu alipakiwa na mumewe, Mbaraka. Makalio yake hayakujua mahali pengine. Kesi ya gari la mkubwa mmoja wa serikali lililomuua Mbaraka ilikuwa isikilizwe Jumatatu, mji wa pili, na shahidi alikuwa yeye peke yake. Bodaboda wote wa mji walikula pilau la matanga nyumbani kwake, wakalia kuwashinda wafiwa. Sasa kila aliyeombwa ampeleke mahakamani alikuwa na pancha.

"Na wewe Chande, utanipeleka?"

Chande akatazama chini. "Mimi nakufundisha, shemeji. Usiniombe zaidi."

"Basi fundisha, mwoga wee."

Akajisogeza mbele. Akabana klachi, akatia gia, akaachia polepole kama alivyoelekezwa. Pikipiki ikaruka, ikayumba, ikashika njia. Chande akabaki nyuma akipiga makofi.

Kwenye kona alipogongwa Mbaraka, kiti cha nyuma kikadidimia, kama mtu amepanda. Kisha vidole viwili vikamgonga begani taratibu, kama vya abiria anayetaka kushushwa.

Mwajabu hakugeuka, wala hakusimama. Aliongeza moto, na ile mikono ikashuka kiunoni, ikamkumbatia kwa nguvu.