Jina la Kubebea

Siku hizi mashine zinazochuja makala za majarida hazipokei makala ya utafiti isipobebwa na jina linaloaminika, na jina la mwanamke wa Kipare, zilimwambia Nakijwa, halijafikia hapo. Basi vyungu vya kale alivyovifukua yeye mwenyewe milimani Upare vikatangazwa kwa jina la Profesa Halvorsen, mzee wa ng'ambo asiyewahi kukanyaga hata vumbi la Same. Halvorsen aliongeza sentensi moja tu: wafinyanzi walikuwa wanaume.

"Wanaume!" Nakijwa alifoka jikoni, mwiko mkononi. "Kwetu mwanamume hasogei hata penye moshi wa kuchoma vyungu!"

Spika ya ukutani ikamsahihisha kwa upole: "Kwa mujibu wa Halvorsen, walikuwa wanaume."

Akaizima kwa hasira. Sakafuni, binti yake Namkunda alikuwa akichora chungu alichofinyanga bibi yake, na alama ya dole gumba la bibi ikionekana kwenye mdomo wa chungu. Mchoro ulipendeza mno, Nakijwa akainama kuutazama. Chini yake, kwa herufi za kujitahidi, mtoto alikuwa ameandika: Halvorsen.

"Ili mwalimu aupokee, mama," alisema Namkunda.