Nusu ya Kichwa

Egbert alizima mashine ya kunyolea akiwa amefika nusu ya kichwa cha mteja.

"Vipi, mzee? Umeme umekatika Birmingham nzima?"

"Kunja mkono wa shati. Nakupima presha kwanza," Egbert alisema, akichukua kipimo mezani.

Saluni nzima ikacheka. Mteja akainuka na shuka la kunyolea shingoni, akashika kitasa cha mlango.

"Mimi siumwi!"

"Hata kaka yako alisema hivyo. Presha ilipompanda, zahanati wakamrudisha na panadoli. Hapa harudishwi mtu." Egbert alionyesha viganja vyenye malengelenge ya beleshi. "Juzi tumemfukia kaburini wenyewe, kama tunavyozikana Wajamaika. Wewe sikufukii."

Mteja alitazama viganja vyake mwenyewe, navyo vimechubuka vilevile.

Alipoinua macho, benchi zima la wateja waliosubiri zamu lilikuwa limeshakunja mikono ya mashati.