Mashimo ya Kalunde

Kalunde alipoyafikia maji, aliyafukia.

Wanjiro, wakili kutoka Nairobi, aliduwaa ukingoni. Alikuja Kanyangi kutafuta mashahidi wa ukame, na hapa palikuwa na mama aliyepiga magoti katikati ya mto mkavu, akirudisha mchanga juu ya maji safi.

"Ai, ngoja nichote kwanza!" Kaveke, jirani yake, alikuja mbio na mtungi.

Kalunde akangoja mtungi ujae. Kisha akafukia, akasogea kidogo kufuata mto unakoteremkia, akaanza shimo jingine.

"Yale yalikuwa ya chumvi?" Wanjiro aliuliza.

"Matamu kabisa," Kaveke alijibu. "Vua hivyo viatu vya harusi, wakili. Mchanga huu unameza." Kisha akamtupia Kalunde jicho, akainamia mtungi wake.

Wanjiro alivua, akashuka. "Mama, tumia koleo basi. Kwa kucha hizi utafika Mombasa lini?"

"Koleo ni kali."

Wakili alicheka peke yake. Akaketi mchangani, akaeleza kilichomleta. Mahakama ya dunia ilishasema kila nchi ina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa. Nchi ikipuuza na watu wakaumia, inaweza kudaiwa. Yeye na wenzake walikuwa wakiandaa kesi.

Mikono ya Kalunde ikatulia. "Inadaiwa nini? Pesa?"

"Pesa ni kwa kile kisichorudishika, mama. Kwanza inatakiwa irudishe kilichopotea."

"Irudishe kwanza?"

"Kwanza."

"Na jaji anaweza kuwaamuru? Hata hao wakubwa wenye viwanda?"

"Ndiyo maana niko hapa. Mvua imewakimbia tangu lini?"

"Ya Aprili ilikuja," alisema Kalunde. "Ilikuja yote siku moja."

Wanjiro aliwasha simu imrekodi. "Basi sema mwenyewe unachotaka urudishiwe. Maji? Shamba?"

Kalunde alitazama mchanga ulivyotandaa mweupe mpaka mto ulipopinda.

"Sema Nthenya, mwanangu," alijibu. "Yuko gredi ya pili. Alikuwa akivuka hapa kutoka shuleni siku ile mto ulipojaa ghafla. Kama kumrudisha ni kazi ngumu, wanionyeshe tu mchanga ulimfunikia wapi."