Paa la Chumba cha Mama

Misumari ililia ikichomolewa. Mwanahawa alitoka jikoni mbio, akamkuta mumewe juu ya paa akibandua mabati, na mnunuzi akingoja chini na mkokoteni.

"Hemedi, umerukwa na akili?"

"Hisa zimeshuka bei. Nikiongeza leo, kampuni ikiyapata mafuta huko baharini, utavaa dhahabu mpaka vidole vya miguu!"

"Wamechimba mara mbili wakapata maji ya chumvi. Hayo hata mimi ninayo, machoni!"

Wingu zito lilikuwa limetanda. Mwanahawa alikimbilia chumbani kwa mama mkwe wake, asiyeweza kuinuka kitandani.

"Mwanangu," bibi aliita, "mbona naona mawingu?"

Uso wa Hemedi ulichungulia kwenye tundu. Tone la kwanza lilimpita, likatua shavuni mwa mama yake.

"Vumilia, mama. Nitakuezekea kwa vigae."