Bei Njoo Inboksi

Mnana alisuka viota vya kuuza, na msituni hakuna aliyemfikia kwa kusuka. Alivitangaza mtandaoni. Chini ya kila picha aliandika, "Bei njoo inboksi," maana alimwogopa mshindani wake, Chiriku.

Basi ndege wote wakamfuata inboksi. Mnana akawa anajibu akila, anajibu akisuka, anajibu macho yamefumba. Siku ya ishirini alianguka kutoka tawini, simu bado kaing'ang'ania kwa kucha.

Jirani yake Konokono akaichukua ile simu, akaandika bei chini ya picha zote.

Mnana alipozinduka alipiga ukelele. "Konokono, umeniua! Chiriku ataiona!"

"Chiriku alishakuuliza mara sita," Konokono akasema. "Na mara zote ulimtajia bei."

Mnana akachungulia. Simu ilikuwa kimya, na chini ya mti wateja walikuwa wamepanga foleni. Wa kwanza alikuwa Njiwa, macho mekundu.

"Karibu, shoga! Mbona hukuniuliza mapema?"

"Nilikuuliza wiki mbili zilizopita, nikiwa karibu kutaga."

Mnana akaifungua simu mbio mbio. Ujumbe wa Njiwa aliukuta humo humo inboksi: "Kiota bei gani, dada? Nina haraka sana." Chini yake lilikuwapo jibu lake mwenyewe: "Asante mpendwa, bei njoo inboksi."

Mnana akaishusha simu. "Sasa mayai... ukayataga wapi?"

"Chini, kwenye majani," Njiwa akasema. "Nguchiro akapita. Yeye hakuuliza bei."