Msafara wa Kibogoyo

"Basi mtanichimba na mimi," alisema dada yake Kibogoyo, akaketi juu ya kaburi na kunyoosha miguu kama yuko barazani kwake.

Kamati ikasimama. Walikuwa wamekuja wamejipanga: mwenyekiti mbele na suti yake, wapiga tarumbeta nyuma, na nje ya ukuta wa makaburi lori lililopambwa maua likinguruma. Hakuna aliyetegemea kukuta bibi na kopo lake la kumwagilia maji.

"Kumbe ndilo hili," mwenyekiti alimnong'oneza katibu, akitazama tuta lisilo na jiwe wala jina, kama mengine yote ya upande ule wa maskini. "Jamani! Mtu mkubwa vile!"

Mtu mkubwa mwenyewe alikuwa mchekeshaji. Meno yake yalikuwa kamili, lakini jukwaani aliyapaka masizi. Akifungua kinywa tu, watu hoi. Pesa za vicheko hivyo alizimalizia kwenye majeneza. Kila maiti iliyokosa wenyewe hospitalini, Kibogoyo aliinunulia jeneza, akaisindikiza, akaizika. Alipougua alimwambia dada yake: "Unilaze na hao hao watu wangu. Usiandike jina. Na asije mtu kunihutubia, maana nitashindwa kumjibu." Dada akamzika alfajiri, yeye na mchimba makaburi tu, mji haujaamka.

Sasa mji ulikuwa umeamka. Kamati ilikuwa imejenga kaburi la marumaru mbele ya ukumbi mpya, lenye taa za rangi na maji yanayoruka juu, na kibali cha kumhamisha marehemu kilikuwa mfukoni mwa mwenyekiti.

"Mama, tunampa heshima yake."

"Heshima gani ya kumwamsha mtu aliyelala?"

"Wananchi wanataka mahali pa kumwona."

"Walimwona akiwa hai. Wewe ndiye hukuja hata siku moja. Si ulisema vichekesho vyake ni vya wahuni?"

Wapiga tarumbeta wakacheka, kisha wakajitia kukohoa. Mwenyekiti akafuta jasho.

"Mumeo angekuwepo, Mungu amrehemu, angetuunga mkono. Yule alikuwa anayajua mambo."

"Hapo umesema kweli," alijibu bibi. "Mume wangu ungemwambia kuna tarumbeta na gari la maua, angetangulia kupanda."

"Sasa wewe unakataa nini?"

"Nakataa kiburi chenu. Mnakuja na makaratasi, hamuulizi kitu, mnaamua. Haya. Lakini mkimtoa huyu hapa, msije kunirudishia. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Harudi."

"Apa."

Mwenyekiti akaapa, mkono juu, na mpiga picha akaupata vizuri.

Hata hivyo bibi hakuinuka. Wanawake wawili wa kamati wakamshika makwapa. Akajilegeza, akawa mzito kama gunia la chumvi iliyolowa. Alipiga kelele. Aliwataja mababu zao mmoja mmoja. Alimmwagia katibu maji ya kopo zima. Na kadiri alivyopigana, ndivyo mwenyekiti alivyozidi kuhimiza kazi ianze.

Mchimba makaburi alikuwa amesimama na sepetu yake, bado hajagusa udongo. Alimtazama bibi kwa muda mrefu.

"Mama," alisema taratibu, "nichimbe hapa?"

"Chimba, baba. Wenyewe si wameshaamua?"

Mzee akakohoa kidogo, akachimba.

Jeneza lilipopandishwa, mwenyekiti alikuwa na leso puani, na hakuna aliyetamani kulifungua. Wakalifunika kwa kitambaa cha dhahabu. Tarumbeta zikalia. Mwenyekiti akahutubia juu ya unyenyekevu wa marehemu, akahutubia, akahutubia tena, mpaka dereva wa lori akazima injini. Ndipo msafara ukaondoka, honi zikipigwa, na watu wamejaa pande zote mbili za barabara wakipunga vitambaa na kulia.

Bibi alisikiliza mpaka honi ya mwisho ikapotea. Alijifuta uso, akaokota kopo lake. Kisha akavuka safu mbili za makaburi, akapiga magoti kwenye tuta jingine lisilo na jina, akaanza kung'oa majani.

"Wamekwenda, mdogo wangu," alisema. "Wewe lala. Wamemchukua shemeji yako."