Muhuri Ulioishiwa Miaka

Bi Hidaya, mkutubi wa mji ule, aliuzungusha muhuri wake wa tarehe autafute mwaka ujao, asiuone. Aliyeutengeneza alikomea mwaka huu unaokwisha.

"Hata wewe umeshapata habari," aliuambia.

Wakubwa walikuwa wameagiza kwamba mwaka mpya ukiingia vitabu viende stoo, mahali pake ije mitambo ya kompyuta, na tangu sasa asiazimishe kitabu kitakachorudi baada ya hapo. Yeye mwenyewe atakwenda wapi, hawakusema.

Mbele yake alisimama Nyamvula, fundi cherehani, mimba ya miezi minane, amekumbatia kitabu kinene cha malezi.

"Mbona unanikodolea macho, Bi Hidaya? Kile cha kwanza si nilikirudisha kizima?"

"Kizima na mchuzi wake."

"Tone moja tu! Tena kwenye ukurasa wa mapishi."

Bi Hidaya akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Haya, hiki utakimaliza lini?"

"Nasoma polepole, unanijua. Nipe mpaka mtoto aanze kukaa."

Bi Hidaya akauweka muhuri kando, akachukua kalamu, akaandika kitabuni kwa mkono wake mwezi wa saba, mwaka ujao. Akaupulizia wino ukauke.

"Na nikikuta pamefungwa?"

"Gonga kwa nguvu. Nitakuwa ndani."

Baadaye alichungulia dirishani. Nyamvula hakuwa amefika mbali. Alikuwa amesimama katikati ya njia, kitabu wazi juu ya tumbo, midomo ikimchezacheza, na baiskeli zikimzunguka huku na huku.